Uzi Uliokatika: Santiago Ramón y Cajal na Swali la Kuota Upya kwa Neva

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Makala haya yamezaliwa na swali. Miaka michache iliyopita mjomba wangu, ambaye alikuwa mgema huko kwetu pwani, aliteleza akaanguka kutoka kileleni mwa mnazi, akavunjika uti wa mgongo. Daktari alitueleza hali yake kwa Kiingereza, nami nikapewa kazi ya kumfasiria mkaza mjomba. Nikasema, "Mshipa wa mgongo umekatika, na hautaunga tena." Mkaza mjomba alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Mwanangu, hebu muulize daktari. Mwaka juzi kotama ilimkata hapa kwenye kifundo cha mkono, tukaambiwa vivyo hivyo, kwamba mshipa umekatika. Vidole vikafa ganzi. Akashonwa, na baada ya miezi kadhaa vidole vikaamka. Kwani huo wa mgongoni si mshipa?"

Sikuwa na jibu, na kibaya zaidi, sikuwa na maneno ya kulitafutia jibu katika lugha ambayo nimeifanya kuwa taaluma yangu. Baadaye niligundua kwamba swali la mkaza mjomba halikuwa dogo hata kidogo. Ndilo swali lililomshughulisha mwanasayansi wa Uhispania, Santiago Ramón y Cajal, kwa miaka mingi ya utu uzima wake, na ndilo ambalo wataalamu wa neva wanaendelea kulihangaikia hadi leo. Makala haya yananuia kueleza utafiti wa Cajal kuhusu kujeruhiwa na kuota upya kwa neva, namna wengine walivyouendeleza, na funzo ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaweza kulipata kutokana na lugha aliyoitumia kuuandika.

Mshipa, Neva na Ugwe

Kabla ya kuendelea, ni muhimu kutenganisha istilahi. Neno mshipa katika Kiswahili hubeba mzigo mkubwa. Hutumiwa kwa mshipa wa damu, kwa mshipa wa fahamu, na katika mazungumzo ya kawaida hata kwa maradhi ya ngiri. Utata huu ndio ulionitega siku ile wodini. Kwa hivyo, katika makala haya mshipa wa fahamu utaitwa neva. Vilevile, uti wa mgongo utakuwa na maana ya mifupa iliyopangika mgongoni, ilhali kamba laini ipitayo ndani ya mifupa hiyo, ambayo hupeleka na kurudisha habari baina ya ubongo na mwili, itaitwa ugwe wa mgongo. Mtu anaweza kuvunjika uti bila ugwe kudhurika. Mjomba alidhurika vyote viwili.

Mshipa wa damu ni mfereji. Una uwazi ndani, na kitu hupita humo. Neva si mfereji bali ni tita la nyuzi hai nyembamba mno, na kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja. Uzi huo huitwa aksoni. Kiwiliwili cha seli kinaweza kuwa ndani ya ugwe wa mgongo ilhali uzi wake unaishia kwenye misuli ya unyayo, masafa yanayoweza kukaribia mita moja. Nyuzi hizi, pamoja na seli zake, zimegawika katika himaya mbili. Himaya ya kati ni ubongo na ugwe wa mgongo. Himaya ya pembezoni ni neva zote zitokazo hapo kuelekea mikononi, miguuni, usoni na kwingineko.

Mnamo 1850 daktari Mwingereza, Augustus Waller, alieleza kilichotokea alipokata neva za ulimi wa chura. Kipande kilichotengwa na viwiliwili vya seli kilioza polepole, na kile kilichobaki kimeshikana navyo kikaendelea kuishi. Ugunduzi huu una maana kubwa. Uzi wa neva ukikatika hauungwi kama kamba inavyofungwa fundo. Sehemu ya mbele hufa, na kisiki kilichobaki hakina budi kuota safari nzima upya. Daktari anaposhona neva ya mkono, haungi nyuzi zenyewe. Huunga ala yake ili nyuzi mpya zipate njia ya kupita. Nyuzi hizo hukua kwa kiasi cha milimita moja kwa siku. Kutoka kifundo cha mkono hadi ncha za vidole, tuseme sentimita 15, ni safari ya siku 150 au zaidi. Haba na haba hujaza kibaba. Ndiyo maana vidole vya mjomba vilichukua miezi kuamka.

Kijana wa Brashi na Mifupa

Santiago Ramón y Cajal alizaliwa tarehe 1 Mei 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa Uhispania. Babake alikuwa tabibu wa upasuaji, na alitaka mwanawe afuate nyayo zake. Kijana naye hakutaka ila kuchora. Kwa ajili ya utundu wake alipelekwa kujifunza kazi kwa kinyozi, kisha kwa mshona viatu. Hatimaye, mnamo 1868, babake alipata hila iliyofaulu. Alimfundisha anatomia kwa kutumia mifupa iliyookotwa makaburini, na kijana, katika kuichora mifupa ile, akaipenda elimu ya mwili. Alihitimu udaktari mjini Zaragoza mnamo 1873, akapelekwa Kuba akiwa daktari wa jeshi, na akarudi kwao akiwa amedhoofishwa na malaria. Sehemu ya akiba ya mshahara wake wa jeshi aliitumia kununua hadubini.

Mnamo 1887 mwenzake mjini Madrid, Luis Simarro, alimwonyesha tishu ya ubongo iliyotiwa rangi kwa njia iliyobuniwa na Mwitalia Camillo Golgi mnamo 1873. Uzuri wa njia ile ulikuwa katika uchache wake: miongoni mwa seli nyingi mno, ilitia weusi seli chache tu, lakini hizo chache zikaonekana nzima, pamoja na matawi yake yote. Cajal aliiboresha njia hiyo, akaanza kuchora alichokiona. Wengi wakati huo, Golgi akiwemo, walishikilia kwamba mfumo wa neva ni wavu mmoja ulioungana kila mahali. Cajal alidai kwamba kila seli ni kitu kamili kinachojitegemea, na kwamba seli hugusana bila kuungana. Mnamo 1906 wawili hao walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba, na hata kwenye hotuba za kupokea tuzo hawakukubaliana.

Kwa swali letu, mjadala huo haukuwa wa pembeni. Ikiwa neva ni mkono wa seli moja, basi kuota upya ni kazi ya seli hiyo hiyo iliyojeruhiwa. Ikiwa sivyo, huenda nyuzi mpya zikaundwa papo hapo na seli nyingine zilizobaki kwenye kipande kilichotengwa. Maoni haya ya pili yalikuwa na watetezi wenye sifa, miongoni mwao Mjerumani Albrecht Bethe. Cajal alipobuni mnamo 1903 njia mpya ya kutia rangi kwa kutumia nitrati ya fedha, alipata chombo cha kuamulia kesi hiyo. Kuanzia mwaka wa 1905 aligeukia neva zilizojeruhiwa.

Alichokiona Cajal

Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kutekeleza. Alikata neva za wanyama, kisha akachunguza jeraha baada ya saa chache, baada ya siku, na baada ya majuma, ili hatua moja baada ya nyingine ionekane. Aliona kwamba nyuzi mpya zilichipuka daima kutoka upande wa kisiki kilichoshikana na kiwiliwili cha seli. Kwenye ncha ya kila chipukizi palikuwa na uvimbe mdogo. Cajal aliutambua, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeueleza kwa mara ya kwanza, mnamo 1890, katika kiinitete cha kuku. Huo ndio unaoitwa koni ya ukuaji, na yeye aliufananisha na gogo hai la kubomolea malango.

Chipukizi hizo zilipenya kovu, nyingine zikapotea njia na kurudi nyuma, nyingine zikafika kwenye ala ya zamani upande wa pili. Ndani ya ala hiyo, ingawa nyuzi za awali zilikuwa zimekwisha kuoza, zilibaki seli ziitwazo seli za Schwann. Cajal alipendekeza kwamba seli hizi hutoa kemikali zinazozivuta na kuzilisha nyuzi zinazoota. Hoja ya mvuto wa kemikali alikuwa ameitoa tangu 1892, muda mrefu kabla ya kemikali za namna hiyo kutambuliwa.

Alipoujeruhi ugwe wa mgongo na ubongo, mambo yalikuwa tofauti, na hapa ndipo penye kiini cha kazi yake. Mtu angetarajia kwamba nyuzi za himaya ya kati hazikufanya lolote. La hasha. Zilichipuka! Zilitoa vitawi na koni za ukuaji kana kwamba zinaanza safari. Kisha, baada ya siku chache, zilisimama, zikanyauka. Seli ilikuwa imejaribu, ikashindwa.

Matokeo haya aliyakusanya katika kitabu cha juzuu mbili kuhusu kuharibika na kuota upya kwa mfumo wa neva, kilichochapishwa kwa Kihispania mnamo 1913 na 1914. Gharama za uchapishaji zililipwa na madaktari Wahispania waliokuwa wakiishi Ajentina, kwa heshima ya mwenzao aliyepata Tuzo ya Nobel. Kuelekea mwisho wa kazi hiyo, Cajal alitoa hukumu ambayo imerudiwa mara nyingi tangu hapo: kwamba katika ubongo na ugwe wa mtu mzima njia za neva zimekwisha kujengwa, zinaweza kufa lakini haziwezi kuzaliwa upya. Wanaoirudia hukumu hii mara nyingi huishia hapo. Lakini Cajal hakuishia hapo. Aliiachia sayansi ya baadaye jukumu la kuitangua, ikiwezekana.

Mlango Ulioachwa Wazi

Sababu ya Cajal kuacha mlango wazi ilitoka ndani ya maabara yake. Mnamo 1911 mwanafunzi wake, Francisco Tello, alichukua vipande vya neva ya mguu wa sungura akavipandikiza ndani ya ubongo wa sungura. Nyuzi za ubongo, ambazo kwa kawaida husimama na kunyauka, ziliingia ndani ya vipande hivyo na kukua. Kwa hiyo udhaifu haukuwa katika uzi pekee. Uzi wa ubongo ulipokutana na mazingira ya pembezoni, yenye seli za Schwann, uliota. Ulipobaki nyumbani kwake, ulikoma.

Jaribio la Tello lilikaa kwa miongo mingi likitiliwa shaka. Wakosoaji waliuliza swali la haki: utajuaje kwamba nyuzi ulizoziona ndani ya pandikizo zimetoka ubongoni, wala si katika neva za pembezoni zilizo karibu? Rangi za wakati huo hazikuweza kujibu. Jibu lilingoja njia mpya za miaka ya 1970, ambapo dutu maalumu hutiwa kwenye uzi, nao uzi ukaisafirisha mpaka kwenye kiwiliwili cha seli, na hivyo kumfichua mwenyewe.

Cajal alifariki Madrid tarehe 17 Oktoba 1934. Mwaka huo huo, nchini Ajentina, alizaliwa Albert Aguayo, aliyekuja kuwa mtafiti wa neva mjini Montreal, Kanada. Mnamo 1980 Aguayo na wenzake, akiwemo Peter Richardson, walionyesha kwamba nyuzi za ugwe wa mgongo wa panya huingia na kukua ndani ya kipande cha neva ya pembezoni kilichopandikizwa. Mwaka uliofuata, Aguayo pamoja na Samuel David walijenga daraja la neva kutoka shina la ubongo hadi kwenye ugwe, likipita nje ya uti. Nyuzi zilikua ndani ya daraja hilo kwa takriban milimita 30, na safari hii asili yake ilithibitishwa. Tello alikuwa amesema kweli. Katika miaka iliyofuata, kundi hilo la Montreal lilipandikiza neva nyuma ya jicho la wanyama wa maabara, na baadhi ya nyuzi zikafika ubongoni na kuunda viungo vipya na seli za huko.

Hata hivyo, daraja lilikuwa na kasoro. Nyuzi zilipofika mwisho wake na kuingia tena katika himaya ya kati, zilikwenda masafa mafupi tu, zikasimama. Ni nini kilichozisimamisha? Mnamo 1988, huko Zurich, Uswisi, Martin Schwab na mwenzake Pico Caroni walionyesha kwamba mayelini ya himaya ya kati, yaani utando wa mafuta unaozifunika nyuzi, una protini zinazozuia ukuaji. Mojawapo ilitambuliwa kikamilifu mnamo 2000, ikaitwa Nogo. Watafiti wengine wameonyesha kwamba kovu linalojengeka kwenye jeraha nalo huzuia, na kwamba seli za himaya ya kati zenyewe hupoteza nguvu ya kukua kadiri zinavyokomaa. Kwa ufupi, njia imefungwa kwa kufuli zaidi ya moja. Kingamwili ya kuizima Nogo imejaribiwa kwa watu waliojeruhiwa ugwe shingoni, lakini jaribio hilo halikufikia lengo lake kuu. Hadi sasa hakuna tiba iliyothibitishwa inayouotesha upya ugwe wa mgongo wa binadamu. Uaminifu unatudai tulitamke hilo waziwazi, kwa kuwa wapo wanaowauzia wagonjwa matumaini ya uongo.

Lugha ya Pembezoni

Msomaji wa jarida hili huenda akauliza: Cajal anatuhusu nini sisi wa Kiswahili? Tukumbuke kwanza kwamba alikuwa mwandishi. Alitunga hadithi fupi, akachapisha mkusanyiko wake mnamo 1905, na akaandika kumbukumbu za maisha yake. Lakini lililo kubwa ni hili: katika karne ya 19, Kihispania hakikuwa lugha ya sayansi. Aliyetaka kusikika aliandika kwa Kijerumani, Kifaransa au Kiingereza. Mnamo Mei 1888 Cajal alianzisha jarida lake mwenyewe kwa Kihispania, akaligharamia, akachapa nakala 60, na nyingi akazituma kwa wataalamu wa nje. Wachache waliweza kulisoma.

Hakukaa akinung'unika. Mnamo 1889 alifunga safari hadi Berlin, kwenye mkutano wa chama cha wanaanatomia wa Ujerumani, akiwa na hadubini na vioo vyenye tishu zake, na kwa Kifaransa chenye kusitasita akawaomba wakubwa wa fani waje waangalie. Mmoja wao, Albert von Kölliker, aliyekuwa na umri wa miaka 72, aliangalia, akasadiki, akawa mtetezi wake. Cajal anaeleza katika kumbukumbu zake kwamba mzee huyo alijifunza Kihispania ili aweze kuzisoma makala zake za mwanzo. Baadaye Cajal alihakikisha kwamba kazi zake zinapatikana kwa Kifaransa pia, na kitabu chake cha kuota upya kwa neva kilitafsiriwa kwa Kiingereza mnamo 1928.

Kutokana na hayo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, lugha haingoji ruhusa ili iwe ya sayansi. Huwa ya sayansi pale mtu anapoitumia kusema jambo la kweli na jipya. Pili, kuipenda lugha yako hakukuzuii kubisha hodi kwa jirani. Nchini Kenya, biolojia hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia shule ya upili hadi chuo kikuu, na wengi wetu tuliochagua Kiswahili tumeyaacha maneno ya mwili kwa wengine. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa huambiwa "mshipa umekatika" kwa mkono na kwa mgongo, na mkewe hubaki akidhani amedanganywa mahali pamoja.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba neva za pembezoni huota upya kwa sababu zina njia na walezi, na kwamba nyuzi za ubongo na ugwe wa mgongo huanza kuota lakini huzuiwa. Cajal aliliona hilo, Tello akalijaribu, na Aguayo akalithibitisha takriban miaka 70 baadaye.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani nikaomba radhi kwa kuchelewa kulijibu swali. Nilimwambia mkaza mjomba hivi: "Ule wa mkononi na huu wa mgongoni zote ni nyuzi za aina moja. Ukikatwa mkononi, uzi huota kutoka kisiki, na ndani ya ala mna seli zinazoushika mkono na kuuonyesha njia. Ukikatwa mgongoni, uzi huanza kuota vilevile, lakini hukuta njia imefungwa, ukachoka. Wataalamu wanatafuta namna ya kuifungua. Bado hawajaipata." Mjomba, ambaye alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na mlango, na ambaye nilidhani hasikilizi, akauliza, "Kumbe uzi wenyewe unataka kuota?" Nikamjibu, "Unataka, mjomba." Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Basi siku ile ungeniambia hivyo."

Ni matumaini yangu kwamba wenzangu katika chama hiki watalichukua kila neno la aina ya mshipa, walipasue, na kuliwekea mipaka, ili atakayeketi kando ya kitanda cha mgonjwa kesho asikose la kusema.